Zimwi Lililonyimwa Maneno

Jumapili, 2 Februari

Mke mwenza wangu,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama hasira itakuwa imebakisha nafasi.

Filamu yako nimeiona. Fundi cherehani aliiweka kwenye televisheni yake jana mchana, tukajazana pale dukani: mimi, muuza mkaa, dada yake fundi, na watu wawili waliofuata suruali zao wakasahau kuzichukua. Nilikaa mbele kabisa kwa sababu mimi ndiye mwenye mjukuu.

Sasa niambie, nani alitengeneza uchafu ule?

Wewe sikulaumu. Sauti yako ni safi, inateremka kama maji, na kila aliyesema kule kwa lugha yake nimemwelewa kwa mdomo wako. Uliponiambia umepata kazi ya kutafsiri filamu za kale, za wakati ule picha zilipoanza tu kusema, nilijivuna mtaa mzima. Picha haina rangi, nikasema sawa. Inakwaruza kama mtu anaosha sufuria kwa mchanga, nikasema sawa. Watu wamesimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho, kila mmoja anamngoja mwenzake amalize kabisa ndipo aanze, nikasema labda ndiyo adabu ya siku zile.

Lakini yule kijana! Mtoto wa watu ameanguka kwenye kinu cha baba yake cha kusagia nafaka, mawe yamemponda uso, ametolewa akiwa mzima. Mzima! Badala ya kushukuru, baba anamfungia chini ya kinu, anautangazia mji kwamba amekufa, na watu wakisikia vishindo usiku anawaambia ni zimwi. Miaka inapita. Siku moja anasikia binti akiimba mtoni, anatoka kwenda kusikiliza. Kosa lake ni hilo tu, kusikiliza. Wanamkimbiza kwa mbwa, wanamchomea ndani ya kinu, na filamu inaisha watu wanapeana mikono!

Muuza mkaa alicheka mpaka akapaliwa. Fundi naye kazi yake ilikuwa kuonyesha mshono wa ile nta waliyombandika shingoni, eti hata anayejifunza kushona kwake asingeuacha wazi vile. Wote wanatazama mshono. Mimi nikauliza, mbona hasemi? Si mnasema ni filamu ya sauti? Mbwa kapewa sauti. Mlango umepewa sauti, tena ndefu. Yeye peke yake ndiye anayekoroma "mmmh, aaah" kama ng'ombe anayetafuta ndama. Baba yake alikuwa akimsemesha mlangoni kila siku. Maneno hayo yote yalikwenda wapi? Baba wa namna ile, afadhali angezaa jiwe la kusagia.

Na kuna jambo moja sikulielewa. Pale yule baba, Mwenye Kinu, anapofunga mlango wa chini, wote wamenyamaza, nikasikia mtoto akiuliza, "Nifungue pazia kidogo tu?" Mwanamke akamjibu, "Hapana. Watakuona." Mtoto yule ni nani? Nilimngoja mpaka mwisho, hakutokea. Kinu kile hakina hata dirisha, seuze pazia. Fundi akasema labda ni mzimu. Nikamwambia, mzimu gani unaomba ruhusa?

Haya, salamu. Mimi mzima, goti ndilo limeninunia. Mbona Chiriku wangu siku hizi hapewi simu? Kila nikipiga amelala, anaoga, anakula. Mtoto aliyekuwa akinikatiza kabla sijasema haloo!

Nijibu kwa barua. Simuni una haraka, na barua haikatizwi. Wala usinisahihishie herufi. Mimi darasa sikuliona, nilizidokoa moja moja wanangu walipokuwa wakifanya kazi za shule, nikiwa nachambua mchele.

Bibi yako

*

Jumapili, 9 Februari

Bibi,

Shikamoo. Nimecheka kwa ajili ya zile suruali zilizosahauliwa. Pole kwa goti.

Usiikasirikie sana filamu ile, ina umri kukushinda wewe. Siku zile kutia sauti kwenye picha yalikuwa maajabu. Nimesikia kinasa sauti chenyewe kilikuwa kikubwa, wakikificha nyuma ya chungu cha maua, ndiyo maana waigizaji wamesimama wima: wakisogea hawasikiki. Na zimwi walilinyima maneno makusudi. Kitu kisichosema kinatisha zaidi. Inasemekana watu walikuwa wakizimia ukumbini. Wa leo hawaogopi tena, wanacheka. Bosi wangu wa studio anataka wacheke zaidi. Ameniambia pale zimwi linapotokea nitie mzaha, niseme, "Huyu naye kanyolewa na nani?" Nimekataa mara moja. Sijui nitakataa mpaka lini.

Ile sauti ya mtoto ni kasoro tu. Siku hizi narekodia nyumbani, chumbani, nimetundika mablanketi ukutani kuzuia kelele, lakini za majirani hupenya. Nitaifuta kabla filamu haijakwenda kwenye ukumbi.

Chiriku yupo. Ana mafua, sauti imemkauka, ndiyo maana simuni hasemi. Usije kwanza, Bibi. Barabara imeharibika na goti lako nalijua.

Mjukuu wako,
Mama Chiriku

*

Jumamosi, 15 Februari

We mtoto,

Nani alisema nakuja?

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza, ya pili, kisha nikaenda kwa fundi nikamwambia, iweke tena, na leo asicheke mtu. Nikasogeza kigoda mpaka sikio likagusa spika. Jirani! Jirani gani anayevuta "kidoogo tu" vile, kama Chiriku alivyokuwa akiniomba sukari nikimwambia basi? Nimewalea ninyi nyote. Sauti ya mtoto wangu naijua hata itoke ndani ya mtungi. Na yule mwanamke anayesema "watakuona" ndiye yule yule anayesema kwa niaba ya Mwenye Kinu, hakupumzika hata kumeza mate.

Nyuma yao, mbali, nimesikia kengele ya shule. Kwa hiyo watoto wa wenzako wapo darasani, wako yupo nyuma ya pazia. Mafua! Mafua ya tangu kabla ya likizo? Pua gani hiyo, bomba la mjini?

Sikiliza. Mimi nilikupokea wewe mikononi mwangu siku ile mama yako alipozidiwa, kabla hata mkunga hajavua viatu. Usinitafsirie. Watu unaweza kuwatafsiria, mimi niambie. Nani atamwona? Na akimwona, ataona nini?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki kuumbuliwa na mtu, wala na kifo.

Salamu leo hakuna.

Bibi yako

*

Alhamisi, 20 Februari

Bibi, shikamoo. Umeshinda.

Ilikuwa Novemba. Sufuria ya maji ya moto ya kuoga, kwenye kibaraza tunachopikia wapangaji wote. Alikuwa anakimbizana na mwenzake. Shavu zima la kushoto, kidevu, mpaka shingoni. Jicho lilinusurika. Hospitali walifanya kazi yao na kidonda kimefunga. Lililobaki ni kovu. Linang'aa, na limeuvuta mdomo upande mmoja. Sikukuambia kwa sababu ungekuja, ungemtazama, na mimi ningekutazama wewe ukimtazama.

Shule ilipofunguliwa Januari nilimpeleka. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Zimwi!" Darasa zima likakimbilia mlango wa nyuma. Mwalimu aliniita pembeni. Si mtu mbaya, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mwache kwanza nyumbani mpaka wenzake wazoee." Nikamshukuru, Bibi. Nikamshika mtoto mkono tukarudi. Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo swali likanijia: watamzoeaje wasipomwona?

Lakini sikurudi kuuliza. Nilishusha pazia.

Ulipoandika kwamba baba yule afadhali angezaa jiwe, niliiweka barua yako chini nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Usinihukumu upesi. Sikumfungia kwa aibu. Wanapomtazama yeye, mimi ndiye ninayeungua. Nilidhani pazia nalo ni dawa, kwamba siku moja nitalifungua na kila kitu kitakuwa kimepona.

Mafua nilikudanganya, lakini kunyamaza ni kweli. Hasemi. Anakaa karibu na miguu yangu nikirekodi, na filamu ile sasa anaijua yote kwa moyo. Juzi nilimkuta mbele ya kioo. Alikuwa anakoroma. "Mmmh, aaah." Kama lile zimwi.

Sijui nifanye nini.

Mjukuu wako

*

Jumatatu, 24 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na mpaka sasa sijakaa.

Nina hasira na wewe kwa kubeba mzigo huo peke yako kama vile mimi nilishazikwa. Nina hasira na mwalimu wa sauti ya chini. Jambo lolote linalosemwa kwa sauti ya chini juu ya mtoto wa mtu, lipeleke mlangoni ulitazame kwenye mwanga. Nina hasira na walioitengeneza filamu ile, maana walishakufa wote na bado kazi yao inamwingia mtoto wangu mdomoni.

Nililolisema juu ya Mwenye Kinu silirudishi. Ila nimemtazama tena. Kuna mahali anateremsha sahani ya chakula kwa kamba, wala haondoki. Anakaa nje ya mlango mpaka sahani irudi, kisha anapangusa macho kwa kofia. Mara ya kwanza sikuliona, nilikuwa nikitukana. Kumbe anampenda! Na hapo ndipo hasira iliponipanda mara mbili. Asiyempenda mwanawe angemwacha atoke akajitafutie. Aliyenunua kufuli ni yule anayempenda. Umenielewa? Najua umenielewa, maana unalia. Futa kamasi, endelea kusoma.

Nakuja Alhamisi. Barua hii nampa dereva wa basi, na Alhamisi atanibeba mimi mwenyewe. Habari za barabara na goti waachie barabara na goti. Ijumaa asubuhi mtoto atavaa sare, tutakwenda shuleni watatu. Usimfunge mtandio usoni. Ukimfunga nitaufungua njiani, na unajua sina aibu barabarani.

La pili ni kazi yako. Bosi anataka mzaha? Aanze na uso wake. Wewe si mtafsiri? Basi kukoroma kule nako ni kusema, tafsiri! Kila mtu kwenye filamu ile umempa maneno ya Kiswahili, mpaka mwenye mbwa, halafu mwenye filamu yake unamwacha bubu kwa sababu watengenezaji wa zamani walimwacha bubu? Wao walikosa adabu, wewe umelazimishwa na nani? Najua utasema hujui anasema nini. Unaye ndani mtu aliyeitazama kuliko wewe na bosi wako. Muulize Chiriku. Mwambie Bibi Mkubwa anataka kujua yule kijana anasema nini, kisha ukae kimya mpaka ajibu. Hata kama atachukua siku nzima.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haya, na wamjue.

Niandalie godoro la chini. Kitanda chako kinalia.

Bibi yako

*

Jumapili, 23 Machi

Mke mwenza, pamoja na Chiriku,

Nilifika salama. Goti lilivimba kama boga na sasa limetulia. Fundi cherehani anauliza mbona nimerudi mnene. Nimemwambia ni ubishi, unashibisha.

Kwanza mniambie, yule mwalimu bado ananiogopa? Na sikumfokea! Nilimwomba tu kiti, akanipa kile kidogo cha wanafunzi, nikakaa magoti yakigusa kidevu, nikawaambia watoto, ulizeni mnachotaka. Yule wa mbele akauliza kama inauma. Wa nyuma yake akauliza kama inaambukiza. Wewe Mama Chiriku ulinibana mkono nimjibie mtoto, alama ya kucha zako ninayo. Sikumjibia. Kimya kile kilinitoa jasho kuliko safari nzima. Mpaka mwenyewe akasema, "Haiumi. Ni laini kama sikio. Gusa." Yule wa mbele akagusa, na kabla mwalimu hajafumba mdomo foleni ilikuwa imeshapangwa. Mmoja alipanga mara mbili, nilimwona.

Sasa, filamu. Ile mpya uliyompa dereva imefika, tukaiweka jana. Watu walikuwa wengi kuliko mwanzo. Muuza mkaa alikuja kucheka. Alishaanza kucheka njiani. Zimwi likatoka chini ya kinu, likanyata mpaka mtoni, binti akageuka akapiga ukelele. Muuza mkaa akajishika mbavu. Ndipo kwenye ule mdomo wa nta ikatoka sauti ya kitukuu wangu:

"Usiache kuimba. Nimekuja kusikiliza tu."

Muuza mkaa akaziachia mbavu. Fundi alikuwa na sindano mdomoni, nikaogopa ataimeza. Hakuna aliyeuliza mbona jitu lile lina sauti ya mtoto. Kwani lilifungiwa likiwa na umri gani? Walipoleta mbwa na mienge, Mwenye Kinu amesimama katikati yao ameinamisha kichwa, likasema tena:

"Baba, waambie mimi ni nani."

Muuza mkaa akainuka. Yule yule! Akaifokea televisheni, "Waambie basi, mjinga wewe! Una mdomo wa nini?" Dada yake fundi akamvuta shati akae. Na mimi, niliyejua maneno hayo yametoka kwa nani na amekaa siku ngapi kabla ya kuyatoa, nilitazama juu kwenye dari nikahesabu misumari.

Lakini nina hasira bado. Kinu wamekichoma! Yote yale, na bado wakakichoma! Nilidhani ungewazuia. Najua utaniambia picha haibadiliki, inabadilika sauti tu. Basi mwambie aliyeitengeneza, popote alipolala, kwamba muuza mkaa ametoka dukani bila kuaga, na mimi hanisemeshi, kana kwamba ndiye niliyewasha moto.

Bosi wako anasema mazimwi hayasemi, atayafuta maneno yale? Mwambie aje ayafute huku, mbele ya hawa niliokaa nao. Kiti tutampa. Kile kidogo.

Chiriku, hii ni yako peke yako, mama yako asisome. Yule mvulana wa barabarani, mwenye kukuita jina lile, amekoma? Ulimpa jibu nililokufundisha, au umelimeza? Niandikie mwenyewe. Kukosea ruhusa, hata mimi nakosea.

Bibi yako, na Bibi Mkubwa wako

*

Jumapili, 30 Machi

Bibi Mkubwa,

Shikamoo. Ninaandika mwenyewe. Mama amesoma ile yangu, alisema jicho liliteleza.

Mvulana hajakoma. Jumanne aliniita Zimwi mbele ya watu wa dukani. Nikaanza kusema lile jibu lako la pua yake nikasahau katikati kwa sababu ni refu. Nikaongeza langu. Nilimwambia Zimwi linasoma kitabu mpaka mwisho na wewe bado unafuata herufi kwa kidole. Watu walicheka. Yeye alicheka pia kisha akalia. Sikupenda alivyolia, sasa ninamfundisha. Anauliza maswali mengi sana Bibi Mkubwa, mpaka nachoka.

Bosi wa Mama amekasirika na maneno yangu ila hajayafuta. Mama anasema anangoja aone watu wa ukumbini watafanya nini. Mimi nimemwambia Mama watamfokea Mwenye Kinu kama muuza mkaa.

Mwalimu amenihamisha kiti kwa sababu ya kuongea. Kisha akanihamisha tena.

Mama anarekodi filamu nyingine ya zamani, ina saa inayotembea peke yake. Sasa hivi amenifukuza kwa sababu sauti yangu inaingia. Sikufukuzwa mpaka chumba kingine. Amenifukuza mpaka nje, barabarani. Ndiko ninakoandikia, kwenye ngazi, na yule mvulana ananiuliza hiyo ni herufi gani.

Kutoka hapa naona ndani mpaka kwenye meza yake. Pazia la dirisha la mbele alilifua Jumatano. Lilikauka siku ile ile. Hakuna aliyelirudisha.

Kitukuu wako,
Chiriku